Mbwa wa Mama Maryam

Aliyeichuna mikorosho ya Shamsia alikuwa Nasibu. Nakuambia mapema ili usipoteze muda kumtafuta, maana Chiwata nzima ilipoteza wake na haikupata kitu.

Ilikuwa mwezi wa tano, palizi imekwisha, watu wamelala kwa uchovu. Nasibu aliingia shambani na shoka, akaenda mti kwa mti mpaka akaimaliza yote kumi na saba. Hakukata hata tawi moja. Alibandua gome kuzunguka shina, pete yenye upana wa kiganja, akaondoka zake. Mkorosho uliochunwa hivyo haufi siku hiyo. Majani yanabaki, pengine hata maua mawili matatu yanatoka ya kujidanganya, huku mti unakauka na mwenyewe anautazama kila asubuhi. Anayekata mti ana hasira. Anayeuchuna ana roho mbaya, na mimi simwombei mema.

Kisa chenyewe kilikuwa kangomba. Nasibu alikuwa akizunguka kipindi cha njaa, mikorosho ingali maua, akinunua kwa bei ya kutupa korosho ambazo hazijazaliwa, kisha msimu ukifika anakuja kuzipima kwa kopo alilolitanua kwa nyundo. Kila mtu alijua. Shamsia ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji, akamtaja kwa jina, akalinyanyua lile kopo juu watu walione. Nasibu alitozwa faini mbele ya wakwe zake. Watu walimshangilia Shamsia siku ile, wakaenda makwao wakamwacha na adui yake.

Mikorosho ile ilikuwa ya mama yake Shamsia, na kabla yake ya bibi yake. Huko kwao mwanamume huoa akahamia kwa mke, na mali ya ukoo hupita kwa wanawake. Khalfan, mumewe, mtu mpole aliyekuwa akiadhini kwenye msikiti mdogo wa kitongoji, alikuwa ameipalilia na kuipulizia dawa tangu ujana wake bila kumiliki hata jani. Hakuwahi kulalamika. Asubuhi ile ndiye aliyeiona kwanza, akarudi nyumbani akakaa kizingitini. Shamsia alimtazama usoni mara moja, akakimbia shambani peku.

Alipita mti mmoja mmoja akigusa pale palipochunwa, utomvu ukimnata vidoleni. Hakulia. Chini ya mti wa mwisho alikuta taulo dogo la kufutia jasho, lile ambalo wanaume huvaa shingoni wakienda shamba. Halikuwa la Khalfan. Alilinyanyua kwa kijiti, akalitia ndani ya mfuko wa plastiki, akaufunga fundo.

Siku hiyo hiyo alimtaja Nasibu. Nasibu akaapa kwa Msahafu, akaleta mashahidi wawili kwamba alilala Masasi mjini. Kesho yake Shamsia akamtaja wifi yake, keshokutwa jirani waliyegombana mpaka wa shamba. Ulimi wake ulikuwa umewahi kupita nyumba nyingi, kwa hiyo hakukosa watu wa kuwashuku. Polisi walikuja, wakaitazama miti, wakasema mwenye taarifa azilete. Mjomba wake, Mzee Hamudi, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, alimshauri amwachie Mungu.

"Mungu nitamwachia, Mjomba," Shamsia alisema. "Lakini kwanza nimjue."

*

Huko juu Newala, kata ya Makote, alikuwepo Mmakonde mmoja mstaafu aitwaye Gasper. Alikuwa mshika mbwa kwenye kikosi cha kusaka pembe za ndovu, na baada ya kustaafu alibaki na mbwa wake mwenyewe, akiwafundisha kufukuza nguruwe pori mashambani. Shamsia aliuza mbuzi wake, akapanda kwenda kumtafuta. Alimkuta uani anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, Baba Emilia."

"Marahaba, mwanangu. Wewe na ushungi wako huo, umekuja kwa mbwa kufanya nini?"

Alimweleza yote. Gasper alilitazama lile taulo kupitia plastiki bila kuligusa, akaingia ndani, akatoka na chupa ya kioo yenye mfuniko mpana. Alilitoa taulo kwa koleo, akalitumbukiza ndani, akakaza mfuniko. Kisha akamwambia maneno ambayo Shamsia alipaswa kuyabeba kichwani kama mtungi, bila kumwaga tone.

"Mbwa hamjui mwizi. Hajui wema wala ubaya. Ninachoweza kumfundisha ni kimoja tu: harufu hii na ile ni za mtu mmoja. Basi. Hili taulo sasa lina jasho la huyo mtu. Akiligusa mwingine, atakuwa amejiandika juu yake. Lisiguswe kwa mkono, lisianikwe, na chupa isifunguliwe mpaka siku ya kazi."

Shamsia aliitikia kila neno.

Alipewa jike la mwaka mmoja, jekundu, masikio yamesimama. Miezi kadhaa alikuwa akipanda Makote, analala kwa Emilia, binti yake Gasper, asubuhi anashinda na mbwa. Walipanga makopo ya maziwa mstarini, kila moja lina kitambaa cha mtu wa pale nyumbani. Mbwa ananusishwa kofia ya Emilia, anapita kopo kwa kopo, na akifika penye kitambaa cha Emilia anatakiwa akae chini, asibweke, asikwaruze. Akikaa anapewa dagaa. Akikosea hapigwi, anarudishwa mwanzo tu. Mwanzoni alikaa kila penye harufu ya chakula. Baadaye akashika. Gasper alibadilisha watu, akabadilisha nguo, akaleta vitambaa vya wageni wa kilabuni, na mbwa akapita juu ya vyote hivyo mpaka kwa mwenyewe, akakaa, akamtazama Shamsia akisubiri dagaa lake.

Siku ya kwanza mbwa alipopatia mfululizo bila kosa, Shamsia alicheka. Emilia alimwambia baba yake baadaye kwamba kicheko kile hakikumpendeza.

*

Mbwa yule Shamsia alimpa jina Sijasahau. Watu wa Chiwata hawakuhitaji kuelezwa, maana jina la mbwa wa mtu siku zote hubeba ujumbe kwa jirani. Kila asubuhi alimwita kwa sauti ya kufika nyumba ya sita, na wengi waliosikia walikunja uso, wenye hatia na wasio na hatia.

Gharama ya kufuga mbwa ilianza kuonekana. Kisimani wanawake walisogeza ndoo zao akikaribia. Kwenye harusi ya mtoto wa jirani alikwenda na mchele wake uliopepetwa vizuri, akapokelewa kwa tabasamu, na akauona baadaye umewekwa pembeni peke yake karibu na kuku. Shakila, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, alimwomba radhi akamwambia mikeka ya maulidi safari hii wataazima kwingine. Shamsia alisema hewala, akarudi nyumbani akapiga makopo teke, kisha akayapanga upya akaanza mazoezi.

Khalfan alimjengea mbwa kibanda nyuma ya nyumba, mbali na mlango. Hakumpiga, hakumfukuza, ila hakutaka kumtazama. Mbwa akifanya mazoezi yeye alitafuta kazi upande wa pili. Waligombana mara mbili kuhusu ile nyumba kuwa na mbwa, na mara zote mbili Shamsia alimuuliza ni lipi alilofanya yeye kuhusu mikorosho zaidi ya kuiombea dua. Khalfan alichukua jembe akatoka. Kuhusu chupa iliyokaa juu ya kabati alikuwa ameambiwa neno moja tu: asiiguse. Alidhani mkewe anaogopa itavunjika.

Msimu ukafika. Kwa wengine magunia yalitoka mashambani, watu wakanunua mabati, wakalipa ada za shule. Kwa Shamsia miti ilisimama mikavu, na mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyodondoka yalikuwa ya mashamba ya jirani. Ndipo akaanza tabia mbaya. Kila siku aliishusha chupa, akaufungua mfuniko, akalitazama taulo. Hakuligusa, hilo alilishika. Lakini alilitazama na kumwambia mwenye taulo mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuwa ameambiwa asifungue. Alifungua kwa sababu hasira inahitaji kulishwa, na hapakuwa na chakula kingine.

Siku ya kazi ilipangwa. Mzee Hamudi alikubali, kwa kuchoshwa zaidi kuliko kuridhika, kwamba kila mwanamume wa kitongoji atoe kitambaa alicholala nacho, na Gasper ashuke mwenyewe kutoka Makote kusimamia.

*

Ijumaa kabla ya siku hiyo, Shamsia alikuwa ameishusha chupa, mfuniko uko mezani, aliposikia trekta likipita barabarani na magunia ya kwenda ghalani. Alitoka mbio kuangalia ni ya nani. Akasimama pale na majirani, akihesabu kwa macho mali ya wenzake, moyo unamuuma, kisha akalifuata mpaka ghalani, asirudi hadi jioni. Mbwa alikuwa hajafungwa. Aliingia ndani akifuata kile alichofundishwa kukifuata maisha yake yote mafupi, akapandisha miguu mezani, akaivuta chupa. Chupa haikuvunjika. Khalfan aliporudi kutoka msikitini alimkuta mbwa amelala juu ya mswala wake, analamba taulo.

Alimfukuza kwa mguu. Kisha akasimama akitafakari, na hapa nataka umwelewe, kwa sababu kijijini hakuna aliyemwelewa. Mate ya mbwa ni najisi nzito, na kila aliyepita chuoni anajua husafishwa vipi: kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Mswala ulikuwa lazima uoshwe. Na taulo je? Keshokutwa litawekwa mbele ya Mzee Hamudi, mbele ya imamu, mbele ya watu wenye udhu wao, na kwa hilo mtu atahukumiwa. Kitu najisi kitatoaje ushahidi? Khalfan aliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kulikuwa na jambo ambalo yeye analiweza, na mkewe hakulijua. Kwamba mbwa bado angemjua mwenye taulo hakuwa na shaka. Nguo ya mtu ukiifua bado ni ya mtu.

Akachota maji na udongo safi, akaliosha mara saba, akilisugua kwa viganja vyake, akalikamua, akalianika jua la mchana kwenye kamba ya nyuma. Lilipokauka akalikunja vizuri, kona kwa kona, akalirudisha kwenye chupa na kukaza mfuniko. Chupa akaipandisha kabatini. Hakusema neno, kwa kuwa angesema mbwa ameingia ndani, na huo ungekuwa ugomvi wa tatu.

Shamsia aliporudi aliona chupa iko juu, imefungwa. Alidhani ameifunga mwenyewe. Hasira ilikuwa imemjaa kiasi kwamba hakulitazama tena taulo siku ile wala iliyofuata.

*

Makopo yalipangwa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Wanaume waliketi upande mmoja, wanawake upande wa pili, na Gasper peke yake katikati na koleo lake. Khalfan alikuwa wa kwanza kutoa kitambaa, kipande cha kanzu yake kuukuu, ili asije mtu akasema mume wa mlalamikaji amependelewa. Nasibu naye alitoa. Hakuwa na namna ya kukataa. Pikipiki yake aliiegesha ikitazama barabarani, funguo zi mkononi, na shati lake lilikuwa limelowa mgongoni ingawa jua lilikuwa halijapanda.

Gasper alifungua chupa. Alilitazama taulo lilivyokunjwa, akamtazama Shamsia, lakini Shamsia alikuwa amekwisha kumleta mbwa. Sijasahau akaingiza pua ndani ya chupa, akavuta pumzi, akaachiwa.

Alipita kopo la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye kopo la Nasibu alinusa kidogo zaidi, kwa sababu hofu ina harufu yake, kisha akapita. Nasibu alifumba macho. Mbwa aliendelea mpaka karibu na mwisho wa mstari, akarudi nyuma hatua moja, akakaa. Alikaa vizuri kabisa, kama alivyofundishwa, akageuza kichwa kumtafuta Shamsia na dagaa lake.

Mzee Hamudi alikwenda mwenyewe kuinua kitambaa. Kilikuwa kipande cheupe cha kanzu.

 Kisha mwanamke mmoja upande wa nyuma akasema taratibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na uwanja ukafunguka. Ghafla kila mtu alikuwa amejua tangu zamani. Si mkwe tu yule? Amelima miti isiyo yake tangu ujana, ataondoka duniani bila kuacha hata mche mmoja kwa jina lake. Nani mwenye sababu kuliko yeye? Yule mpole, ndio hao hao. Mambo yalilingana kiasi cha kuchukiza.

Gasper aliinua mkono. "Nani ameligusa hili taulo? Nililiweka likiwa limekunjamana, lina jasho na vumbi. Sasa limekunjwa vizuri."

Khalfan alisimama. Alikuwa bado hajaelewa anashitakiwa nini. "Nimelifua mimi," alisema. "Mbwa alililamba. Nililiosha mara saba, na mara moja kwa udongo."

Wanaume walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Gasper hakucheka. Aliwaambia kazi imekufa, kwamba mbwa hakukosea, amemtafuta aliyelifua akampata, na aliyechuna miti hajatafutwa kabisa. Lakini alikuwa Mmakonde wa Makote mwenye mbwa, katikati ya watu waliokwisha kupata walichokuja kutafuta. Mmoja akamtania kwamba akimaliza kumtetea mkwe amtetee na nguruwe. Hata imamu, ambaye angeweza kusema kwamba Khalfan alifanya kama sheria inavyotaka, alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee Hamudi akamgeukia mpwa wake. "Wewe ndiye mwenye miti. Unasemaje?"

Shamsia alikuwa anaitazama chupa. Khalfan alimtazama yeye, wala hakuwa na wasiwasi. Miaka yote ile hakuna aliyemjua kama mwanamke huyu. Angoje kidogo tu, mkewe atawaambia.

"Mbwa amesema," Shamsia alisema.

Yakaishia hapo. Mume aliyeharibu mali ya ukoo wa mke hutoka na alichoingia nacho, na Khalfan alitoka na panga, mswala na redio ndogo isiyo na betri. Mzee Hamudi akaona vilevile kwamba wanaume wengine wametukanwa bure miezi yote ile, na heshima yao lazima irudi. Akamtaka Shamsia awaombe radhi mmoja mmoja, akianza na yule aliyemtaja wa kwanza. Shamsia alikwenda mbele ya Nasibu, akapiga goti, akasema nisamehe mwanangu. Nasibu akasema yamekwisha, mama. Gasper alikuwa ameshaanza safari ya kurudi Makote. Mbwa hakumchukua, alisema si wake.

*

Maryam, binti yao, ni fundi cherehani Masasi mjini. Baba yake alifikia kwake. Ijumaa iliyofuata aliacha nguo za watu mezani akaja Chiwata, akamkuta mama yake uani anachambua mchicha, mbwa amelala pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Maryam hakukaa. Alimweleza kwamba baba hali vizuri, kwamba anakaa kibarazani tangu alfajiri na kila apitaye anadhani ni mlinzi. Kwamba amesikia watu wa sokoni wakimwita mchunaji.

"Mama, unaamini baba aliichuna ile miti?"

Shamsia aliendelea na mchicha. Alitenga shina, akatupa, akatenga jingine. "Hakuichuna. Baba yako hawezi kumchuna hata mbuzi bila kumwonea huruma. Nilijua pale pale uwanjani, alipotaja udongo."

"Kwa hiyo ulijua." Sauti ya Maryam ilishuka. "Ulijua, na ukasema vile."

"Miezi yote ile, Maryam. Nimeuza mbuzi. Nimetengwa kisimani. Nimelala nyumba za watu nikimfundisha mbwa, kwa ajili ya kitu kimoja, kiko ndani ya chupa. Akakitoa akakifua. Aliyechuna simjui, na sasa sitamjua mpaka nazikwa. Mkono uliofua ninaujua. Ulitaka niondoke pale uwanjani mikono mitupu?"

"Baba anasema aliikuta chupa iko wazi."

Mchicha ulisimama mkononi.

"Nani aliifungua, mama?"

Shamsia alichukua shina jingine, akalitupa. Maryam akachukua mkoba wake na kuelekea barabarani bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

Baadaye kidogo pikipiki ilipunguza mwendo mbele ya ua. Alikuwa Nasibu, amebeba gunia nyuma na kopo jipya linaning'inia kwenye usukani. Aliinua mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Shamsia alisema.

Mbwa aliinua kichwa, akaivuta ile harufu, akalala tena.